Kupima Ustawi wa Mtu Bila Kumuuliza

Mwaka 2017 Ripoti ya Furaha Duniani iliiweka Tanzania katika nafasi ya 153 kati ya nchi 155. Mwaka uliofuata tulikuwa wa 153 kati ya nchi 156, na mwaka 2019 tukabaki palepale. Kila ripoti ilipotoka mabishano yalikuwa yaleyale: wengine walisema takwimu hizo zinatuambia ukweli tusiotaka kuusikia, wengine walisema hawaoni huzuni ya kiasi hicho katika mitaa wanayoishi. Mimi nilivutiwa zaidi na jambo lililozungumzwa kidogo, yaani namna nafasi hizo zinavyopatikana. Shirika la Gallup huhoji watu wapatao 1,000 katika nchi kwa mwaka, wastani wa miaka mitatu huchukuliwa, na swali linaloamua nchi iwe ya ngapi ni moja tu. Mhojiwa huambiwa afikirie ngazi yenye vipandio kuanzia 0 hadi 10, ambapo kipandio cha juu kabisa ni maisha bora kuliko yote anayoweza kuyapata na cha chini ni mabaya kuliko yote, kisha aseme yeye amesimama wapi. Swali hilo linatokana na kazi ya mwanasaikolojia Hadley Cantril wa Marekani, iliyochapishwa mwaka 1965.

Sidharau swali hilo. Mwaka 2022 Caspian Kaiser na Andrew Oswald walichapisha uchunguzi wa majibu ya maelfu kwa maelfu ya watu wa Ujerumani, Uingereza na Australia yaliyokusanywa kwa miongo kadhaa, wakaonyesha kwamba namba ambayo mtu huipa hali yake hutabiri matendo yake ya baadaye: aliyeipa kazi yake namba ndogo ndiye aliyeelekea kuiacha, na aliyeipa ndoa yake namba ndogo ndiye aliyeelekea kuachana na mwenziwe. Namba hiyo inabeba kitu cha kweli ndani yake. Tatizo ni kwamba hatujui imebeba nini. Mwaka 2024 kundi la watafiti liliwaomba watu wa Uingereza waeleze kwa maneno yao wenyewe waliwaza nini walipolisoma swali la ngazi, kisha maneno hayo yakachambuliwa kwa kompyuta. Waliyoyawaza yalikuwa zaidi mali na mamlaka. Picha ya ngazi na maneno ya chini na juu yalipoondolewa, fikra hizo zilipungua. Kama picha ya ngazi inamwelekeza hivyo Mwingereza anayesoma kwa lugha yake mwenyewe, basi tunapaswa kuwa waangalifu sana tunapoipeleka kwa mkulima wa Manyoni na kumsomea tafsiri.

Niliwahi kufanya kazi ya mdadisi katika utafiti mmoja wa kaya mkoani Singida, na swali la namna hiyo lilikuwamo katika dodoso letu. Mama mmoja aliyekuwa akipepeta uwele alinikaribisha, nikamwamkia, akaitikia, nikaketi na kishikwambi changu. Tulipofika kwenye ngazi aliuliza kama ni ngazi yake peke yake au ya nyumba nzima. Nilimjibu kama tulivyofundishwa, kwamba ni yake peke yake. "Sasa mwanangu," akasema, "hapo watoto wangu nitawatoaje?" Akaanza kueleza. Binti yake alikuwa amepata kazi Dodoma. Kijana wake wa mwisho alikuwa ameondoka kwenda machimboni na simu yake haipatikani. Mavuno ya mwaka ule yalikuwa mazuri, goti lilikuwa likimsumbua, na jirani ambaye hawakuwa wakisemeshana kwa muda mrefu walikuwa wamepatana msibani. Kishikwambi kilikuwa kikisubiri tarakimu. Mwishowe aliniambia niandike tano, nikaandika 5 na kuendelea na swali lililofuata. Yote aliyoyasema, ambayo ndiyo hasa yaliyokuwa ustawi wake na ukosefu wa ustawi wake, hayakuwa na mahali pa kuandikwa.

Ninaposoma sasa habari za vifaa na programu zinazotajwa kuwa zitaleta mageuzi katika elimu ya ustawi wa binadamu, ninazigawa kwa kigezo kimoja. Zipo zinazotuwezesha kumuuliza mtu mara nyingi zaidi, karibu zaidi na tukio lenyewe, na kumsikiliza kwa maneno yake. Zipo pia zinazotuwezesha tusimuulize kabisa. Fedha nyingi na sifa nyingi zinaelekea upande huu wa pili, na hilo linanitia wasiwasi.

Hamu ya kupima bila kuuliza ni ya zamani. Mwaka 1881 mwanauchumi Francis Ysidro Edgeworth aliwaza mashine ambayo ingerekodi bila kukoma kupanda na kushuka kwa raha ya mtu, kwa namna ile ambayo vyombo vya fizikia hurekodi mabadiliko ya joto. Hakuitengeneza, na hakuna aliyeitengeneza. Wanasayansi walirudi kwenye njia ya kuuliza, na maboresho makubwa ya elimu hii yalitokana na kuuliza vizuri zaidi. Katika miaka ya 1970 Mihaly Csikszentmihalyi na wenzake katika Chuo Kikuu cha Chicago waliwapa watu peja zilizolia nyakati zisizotabirika. Ilipolia, mtu alijaza karatasi fupi kueleza yuko wapi, anafanya nini na anajisikiaje. Mwaka 2010 Matthew Killingsworth na Daniel Gilbert walitumia simu kwa kazi hiyohiyo, na kutokana na majibu ya watu wazima 2,250 wakagundua kwamba karibu asilimia 47 ya wakati watu walikuwa wakiwaza jambo tofauti na lile walilokuwa wakilifanya, na kwamba fikra zilipotangatanga hivyo furaha yao ilikuwa ndogo zaidi. Mtu akiulizwa mwisho wa mwaka hawezi kuukumbuka mwenendo huo wa akili yake. Ni simu iliyomkuta katikati ya tendo ndiyo iliyowezesha jambo hilo lijulikane.

Kisa kinachoonyesha vizuri zaidi namna chombo cha kupimia kinavyobadili kinachoonekana ni kile cha fedha na furaha. Mwaka 2010 Daniel Kahneman na Angus Deaton, kwa kutumia majibu zaidi ya 450,000 ya Wamarekani waliopigiwa simu, walitangaza kwamba hisia za kila siku huboreka kipato kinapoongezeka, lakini uboreshaji huo hukoma kwenye kiasi cha dola 75,000 kwa mwaka. Habari hiyo ilienea duniani kote. Mwaka 2021 Killingsworth, akitumia programu ya simu iliyowauliza watu wanajisikiaje muda uleule na kuwapa mizani ndefu ya kujibia, hakuona kikomo chochote. Ingekuwa rahisi kila upande kushikilia lake. Badala yake Kahneman na Killingsworth waliamua kuzichambua data pamoja, Barbara Mellers akiwa mpatanishi, na mwaka 2023 wakatoa jibu la pamoja: kwa watu wengi furaha huendelea kupanda pamoja na kipato, lakini kwa moja ya tano ya watu, wale wenye furaha ndogo zaidi, kupanda huko hukoma kwenye dola 100,000 hivi. Maswali ya zamani yalikuwa ya ndiyo na hapana, na hayakuweza kumtofautisha mwenye furaha ya kutosha na mwenye furaha tele. Kikomo kilichoonekana kilikuwa kwa sehemu kubwa kikomo cha maswali. Kwa maoni yangu hii ndiyo teknolojia ikiwa mahali pake. Haikuchukua nafasi ya mhojiwa. Ilimpa nafasi pana zaidi ya kujibu.

Mifano miwili ya kwetu inaonyesha kwa nini kifaa kisiachwe peke yake. Wahadzabe wa kandokando ya Ziwa Eyasi wamevalishwa mara kadhaa vifaa vya mkononi vinavyorekodi mwendo na usingizi. Utafiti wa mwaka 2015 uliowahusisha watu 94 wa jamii tatu, yaani Wahadzabe, Wasan wa Namibia na Watsimane wa Bolivia, ulionyesha kwamba watu wasio na umeme hulala kati ya saa 5.7 na 7.1 kwa usiku, jambo lililopindua imani iliyokuwa imeenea kwamba wazee wetu walilala sana na taa ndizo zilizotuharibia usingizi. Hapa kifaa kilifanya kazi ambayo swali lisingeiweza, kwa sababu hakuna mtu awaye yote anayeweza kuhesabu dakika za usingizi wake. Utafiti mwingine, uliochapishwa mwaka 2017 na kundi lililojumuisha watafiti wa Kitanzania, uliwafuatilia watu wazima 33 kwa siku 20 na kukuta kwamba katika siku zote hizo zilikuwapo dakika 18 tu ambapo wote walikuwa usingizini kwa pamoja. Muda wote uliobaki alikuwapo aliye macho, au aliyelala usingizi mwepesi. Ukivipeleka vipimo hivyo katika kliniki ya usingizi ya mjini, wengi wao wataonekana wanalala vibaya na wanahitaji msaada. Walipoulizwa, karibu wote walisema wanalala vya kutosha.

Mfano wa pili ni wa Rarieda, katika Kaunti ya Siaya nchini Kenya. Johannes Haushofer na Jeremy Shapiro walifuatilia kaya maskini zilizopewa fedha bila masharti kupitia M-Pesa na shirika la GiveDirectly, na matokeo yakachapishwa mwaka 2016. Waliwauliza wanakaya kuhusu furaha, kuridhika na maisha, msongo na sonona, na pia walichukua mate yao ili kupima kotisoli, homoni inayoongezeka mwilini mtu anapokuwa katika msongo. Majibu ya watu yalionyesha wazi kwamba hali yao ya nafsi imeboreka. Kotisoli, kwa wastani, haikuonyesha tofauti. Tofauti ilionekana tu pale makundi yalipolinganishwa ndani kwa ndani, ambapo waliopewa kiasi kikubwa walikuwa na kiwango cha chini kuliko waliopewa kidogo. Laiti watafiti wale wangekuwa na mate peke yake, wangeweza kurudi na taarifa kwamba fedha zile hazikuwasaidia watu chochote. Nafikiri kila anayetaka kuanzisha mradi wa kupima ustawi kwa saa za mkononi angepaswa kuanza kwa kukisoma kisa hiki. Mwili hausemi uongo, kama wanavyopenda kusema wauzaji wa vifaa hivyo, lakini mwili hausemi kila kitu, na hauelezi sababu.

Kuna njia nyingine zinazokwenda mbali zaidi, kwa kuwa hazimgusi mtu hata kidogo. Mwaka 2015 Joshua Blumenstock na wenzake walichukua rekodi za simu za wateja wapatao milioni 1.5 nchini Rwanda, wakakadiria utajiri wa kila eneo kutokana na nani anampigia nani, lini na kutoka wapi. Mwaka uliofuata kundi la Chuo Kikuu cha Stanford lilitumia picha za setilaiti kukadiria umaskini katika nchi tano za Afrika, Tanzania ikiwamo. Kazi hizi ni za ustadi mkubwa na zimekwisha kuleta manufaa: mwaka 2020, wakati wa korona, Togo ilitumia mbinu za namna hii kuwafikishia watu maskini fedha za msaada kwa simu, wakati ambapo kwenda nyumba kwa nyumba kulikuwa hatari. Lakini angalia zimejengwaje. Kule Rwanda, kompyuta ilijifunza kutokana na watu 856 waliopigiwa simu na kuulizwa wanamiliki nini. Picha za setilaiti nazo zilijifunza kutokana na madodoso ya kaya yaliyokusanywa na wadadisi waliotembea kwa miguu. Ukiwaondoa wanaoulizwa, mashine haina mwalimu. Tena kinachokadiriwa ni mabati, barabara na salio la simu. Setilaiti isingeweza kuona kwamba yule mama na jirani yake wamepatana.

Kuhusu programu zinazodai kusoma hisia usoni sitasema mengi. Mwaka 2019 Lisa Feldman Barrett na wenzake walipitia ushahidi uliokuwapo na kuhitimisha kwamba miondoko ya uso haitoshi kumwambia mtu kwa uhakika mwenziwe anajisikiaje, na tangu Februari 2025 sheria ya Umoja wa Ulaya imepiga marufuku matumizi ya programu hizo kazini na shuleni, isipokuwa kwa sababu za tiba au usalama. Kwetu lipo swali la ziada la ngozi. Mwaka 2020 ilithibitika Marekani kwamba kile kifaa cha kubana kidoleni kinachopima oksijeni kilishindwa kuugundua upungufu wa oksijeni kwa wagonjwa weusi karibu mara tatu zaidi kuliko kwa wagonjwa weupe. Chombo cha hospitali kilichotumika kwa miongo mingi kilikuwa na kasoro hiyo; sembuse saa ya mkononi iliyojaribiwa California.

Ninapopata matumaini ya kweli ni kwenye lugha. Mtafiti Oscar Kjell na wenzake wameonyesha kwamba mtu akiachwa aeleze ustawi wake kwa sentensi zake mwenyewe, akili mnemba inaweza kuyageuza maelezo hayo kuwa vipimo vinavyokaribiana mno na vile vya dodoso, huku maelezo yenyewe yakibaki kwa ajili ya anayetaka kuyasoma. Maana yake ni kwamba hatulazimiki tena kuchagua kati ya kuhesabu na kusikiliza. Mdadisi wa leo angeweza kumwacha mama aeleze, kishikwambi kikarekodi kwa ridhaa yake, na watoto, goti, mavuno na jirani vikahesabiwa pamoja na majibu ya maelfu ya kina mama wengine. Kwa jinsi hiyo tungeweza kugundua kwamba kuna mambo yanayoamua ustawi wa watu wetu ambayo hayamo katika dodoso lolote, kwa sababu aliyelitunga hakuyajua.

Hilo linahitaji mashine inayotuelewa, na hapo tuko nyuma. Mwaka 2023 watafiti wa Kiafrika walitoa mkusanyiko wa AfriSenti, wenye jumbe zaidi ya 110,000 za Twitter katika lugha 14 zilizowekewa alama za hisia na wazungumzaji wenyewe, Kiswahili kikiwa miongoni mwao. Wanyarwanda nao wamesoma kwa sauti zaidi ya saa 2,000 za sentensi katika mradi wa Common Voice wa kukusanya sauti za kuifundishia kompyuta, kazi ya kujitolea ninayoiheshimu sana. Lakini jumbe za Twitter ni za vijana wa mjini wenye bando. Mwaka huohuo wa 2023 mtandao huo ulifunga njia ya bure iliyowawezesha watafiti kuchota data, na miradi mingi ikakwama. Elimu inayotegemea mlango wa kampuni moja inaweza kufungwa asubuhi moja. Na Kinyaturu, Kinyiramba, Kisukuma au Kigogo, ambazo ndizo lugha za watu wengi pale wanapoeleza yaliyo moyoni, zina data kidogo mno.

Lipo jambo jingine linalotokana na mashine hizihizi za lugha, nalo ndilo linalonitisha zaidi. Mwaka 2023 watafiti wa Marekani walionyesha kwamba modeli kubwa ya lugha (programu ya kompyuta iliyojifunza kuandika kutokana na maandishi mengi mno) ikipewa wasifu wa mtu, yaani umri, jinsia, elimu na mwelekeo wa siasa, hutoa majibu ya dodoso yanayofanana na ya Wamarekani halisi wa kundi hilo. Tangu hapo wapo wanaopendekeza kwamba mahojiano ghali yapunguzwe na nafasi yake ichukuliwe na wahojiwa wa kubuniwa. Kundi jingine, la Harvard, lililinganisha majibu ya modeli ya aina hiyo na ya watu wa nchi nyingi, likakuta kwamba kadiri nchi inavyokuwa mbali na Marekani kiutamaduni ndivyo majibu ya mashine yanavyozidi kutofanana na ya watu wake. Ni wazi nani ataumia. Nchi ambazo kuwafikia watu wake ni ghali zaidi ndizo zitakazoshawishika kwanza kutumia wahojiwa hao, na ndizo hizohizo ambazo mashine inazijua kidogo zaidi. Tutapewa namba kuhusu maisha yetu ambazo hakuna hata mmoja wetu aliyezitamka, na zitapangiwa bajeti.

Suala la ridhaa nalo haliepukiki. Mwaka 2014 ilijulikana kwamba Facebook ilikuwa imebadilisha yale ambayo watumiaji 689,003 waliyaona kwenye kurasa zao kwa wiki moja, ili kupima kama hisia huambukizana, na watu hao hawakujua kwamba wamo katika majaribio. Kenya, mwaka 2023, watu walipanga foleni ndefu Nairobi ili mboni za macho yao zipigwe picha na mradi wa Worldcoin kwa malipo ya sarafu za kidijitali zenye thamani ya takriban shilingi 7,000 za Kenya, hadi serikali iliposimamisha zoezi hilo tarehe 2 Agosti. Mei 2025 Mahakama Kuu iliamuru data hizo zifutwe. Kenya ina sheria ya kulinda data tangu 2019, na ya Tanzania ya mwaka 2022 ilianza kutumika Mei 2023. Sheria hizo ni nzuri, ila ridhaa ya mtu mwenye njaa mbele ya shilingi 7,000 inahitaji kutazamwa na jicho jingine zaidi ya la sheria. Data za ustawi ni nyeti kuliko mboni. Anayejua ni saa ngapi mtu huwa mnyonge anajua pia ni saa ngapi ya kumuuzia mkopo.

Njia iliyo bora haihitaji vifaa vya ajabu. Tangu 2013 mradi wa Sauti za Wananchi wa shirika la Twaweza umekuwa ukiwapigia simu wananchi wa Tanzania bara mara kwa mara, na kaya zilizochaguliwa zilipewa simu na chaja ya sola ili asiye na simu asiachwe nje. Utaratibu wa namna hiyo unaweza kubeba swali la wazi la ustawi, likajibiwa kwa sauti kupitia kitochi cha kawaida bila intaneti, kwa lugha ambayo mtu anaiweza, mara kadhaa kwa mwaka, wakati wa kulima na wakati wa kuvuna. Simu iwafikie pia mke, mama mkwe na kijana wa kaya, maana mkuu wa kaya akijibu kwa niaba ya wote tunapata ustawi wa mtu mmoja. Vifaa vya mkononi na vipimo vya mate vitumike kwa wachache, kando ya maneno yao, ili pale mwili na mdomo vinapotofautiana mtafiti arudi akaulize kwa nini. Matokeo yasomwe kwenye mkutano wa kijiji kabla hayajasomwa Geneva. Na kwa kuwa sensa ijayo inatarajiwa mwaka 2032, kazi ya kurekodi na kuandika sauti za Kinyaturu, Kisukuma na lugha nyingine inapaswa kuanza katika tafiti za kaya zinazoendelea sasa, zikiongozwa na vyuo vyetu na kulipiwa na bajeti zetu, kwa sababu rekodi za lugha haziwezi kukusanywa kwa mwezi mmoja.